Maji Yafike kwa Mama Naetwe

Siku mliponiaga kustaafu pale kituo chetu cha utafiti, kijana wetu wa takwimu alisimama na kutangaza kwamba makala yangu moja imenukuliwa na wanazuoni wa mabara yote. Watu wakapiga makofi, nami nikatabasamu kama inavyotakiwa, ingawa jicho langu lilikuwa kwenye pilau iliyokuwa ikipoa. Baadaye baadhi yenu mkanifuata pembeni mkasema, "Bibi, hizo nukuu tumezisikia. Sasa tuandikie kazi yenyewe ilikuwaje." Haya basi. Nipo nyumbani Same, nina kuku na bustani ya mchicha, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi nina muda. Vyeo na mishahara sitavigusa. Anayetaka habari hizo akaulize utumishi, nao watamwambia arudi kesho.

Mimi ni mtu wa Kifaru, tambarare, mtoto wa mkulima wa mahindi. Nilipofika Same kuripoti kazini, upepo ulinivua mtandio ukaupeleka hadi kwenye uzio wa kituo. Aliyeniletea alikuwa mwanamume mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Shikamoo," nikasema, huku nimeshika kichwa.

"Marahaba. Wewe ndiye Zaituni? Upepo umeshakukaribisha, mimi nitakuonyesha choo kilipo na tuanze kazi."

Huyo ndiye Dokta Eliamani, mkuu wa sehemu ya maji. Alikuwa Mpare wa milimani, mwimbaji wa sauti ya nne katika kwaya ya kanisa, na mtafiti aliyesoma mbali akarudi akiwa na subira ndogo kuliko aliyoondoka nayo. Nilitarajia anipe meza. Akanipa chungwa.

"Nile, mzee?"

"Ukimaliza kupima."

Wale mnaopima maji kwa vifaa vya kuchovya na kusoma namba kwenye kioo, nisikilizeni kidogo. Tafuta kipande cha mfereji kilichonyooka, pima urefu wake kwa kamba, kisha tupa chungwa upande wa juu na uhesabu sekunde hadi lifike chini. Ukijua na upana na kina, unajua maji kiasi gani yanapita. Chungwa huzama karibu lote likaacha kisogo tu, kwa hiyo upepo hauliyumbishi. Jani kavu litakudanganya, na kwa upepo wa Same litakudanganya kutwa nzima. Niliwahi kuomba ofisi ininunulie machungwa chini ya kifungu cha vifaa vya maabara. Mhasibu aliniuliza kwa nini vifaa hivi kila mwezi huisha.

Miaka yangu ya mwanzo ilikuwa ya kupanda na kushuka. Tulipanda hadi Mhezi, huko milimani, kwa miguu mvua ikiharibu barabara, tukashuka upande wa Gonja. Gonja nilizoea kulala kwenye nyumba ya wageni jirani na hospitali, na siku moja, nikiwa nimeshapata shahada yangu ya uzamivu, muuguzi mmoja alisoma "Dkt." mbele ya jina langu kwenye kitabu cha wageni akafurahi.

"Afadhali umekuja, Daktari. Wodini tumezidiwa. Wewe ni daktari wa nini?"

"Wa maji, dada."

"Kwani maji nayo yanaumwa?"

"Yanaumwa sana."

Akaniangalia, akaona sitanii, akaniletea chai. Tangu siku ile nilijitambulisha kwa jina tu. Hata hivyo wapo walionionyesha vidonda vyao kabla sijafungua mdomo, na nilijifunza kusema "nenda hospitali" kwa sauti yenye mamlaka.

Somo kubwa nililopewa na Dokta Eliamani lilitoka jikoni. Wakati ule tulikuwa tumegawanyika: watu wa maji ofisi hii, watu wa nishati ofisi ile, watu wa chakula ng'ambo ya uwanja, na kila mmoja alimwona mwenzake kama mgeni aliyekuja kukopa kiti. Mzee alichoka na mabishano yetu. Akatupeleka wote Mhezi, akatuweka kwenye jiko la mama mmoja mwenyeji wetu, akasema hatuondoki mpaka tupike makande na kupima kila kitu kinachoingia: maji, kuni, mahindi, maharage.

Makande mnayajua. Mnajua pia yanavyokula kuni. Tulipika, moshi ukatutoa machozi, na yule mtaalamu wetu wa nishati, mtu wa mjini, akauliza kwa nini kina mama wa pale hawaloweki mahindi na maharage tangu jana yake, maana kuni zingepungua karibu nusu. Mwenyeji wetu alimjibu kwa upole kwamba kila mtu anajua kuloweka. Masika huloweka. Kiangazi hawaloweki, kwa sababu maji ya kulowekea humwagwa, na ndoo ya maji kiangazi inatoka mbali sana kumwagwa hivi hivi.

Mtaalamu wa nishati akaacha kupuliza moto. Mimi nikaacha kuandika. Kumbe kuni zilizokuwa zikiisha msituni zilikuwa zinaisha kwa ajili ya ndoo moja ya maji! Tukaenda nyumba kwa nyumba msimu mzima, tukapima, na hesabu ikakubali: pale mfereji ulipopita karibu na nyumba, kina mama waliloweka mwaka mzima na mzigo wa kuni ulikuwa mdogo. Ukivuta uzi mmoja kati ya nyuzi hizi tatu, maji, kuni na chakula, mbili nyingine zinasogea. Makala iliyotokana na jiko lile ndiyo hiyo inayonukuliwa mabara yote. Jina lake ni refu na la heshima, na neno makande limo mara moja tu, tena ndani ya tanbihi, kwa sababu mhariri aliona linapunguza uzito. Wanazuoni kadhaa wameniandikia kutoka nchi za baridi kuniuliza namna ya kuyapika.

Naijivunia makala ile, na sitajifanya vinginevyo. Lakini kazi iliyonikaa moyoni ni nyingine, ya miaka ya karibuni, na baadhi yenu mlinisaidia kuifanya.

Njiani kwenda Mhezi kuna kitongoji chenye ndiva. Jina lake nitaliacha, maana wenyewe wana aibu kidogo na mimi nawapenda. Kwa mliotoka mbali, ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe walilochimba mababu. Kijito kinaingia humo usiku kucha, asubuhi tundu linazibuliwa, na maji yanashuka mferejini kwa nguvu hadi mashamba ya mbali. Bila ndiva, kijito kile kingenywewa na udongo kabla ya kufika nusu ya njia. Likijaa tope, baragumu linapulizwa na kila nyumba inatoa mtu na jembe. Huo ndio msaragambo, na asiyetokea anatozwa faini, hata akiwa mchungaji.

Mgao wa maji pale ulifuata siku za ibada. Wasabato hawashiki jembe Jumamosi, basi Jumamosi maji yalikuwa ya Walutheri na Wakatoliki. Jumapili Walutheri na Wakatoliki wako kanisani, maji yakawa ya Wasabato. Familia chache za Waislamu kule chini, karibu na tambarare, hazikupangiwa Ijumaa. Siku zilizobaki ziligawanywa kwa mashamba. Hakuna aliyekumbuka nani aliupanga mgao huo. Na ilikuwepo sheria moja kali kuliko zote: maji ya zamu ya mwenzako huyagusi, hata yakipita kwenye kizingiti chako na wewe mimea yako inakufa.

Mwisho kabisa wa mfereji, chini ya barabara, lilikuwa shamba la Mama Naetwe. Alikuwa mjane, Mlutheri, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kufika mlima wa pili, aliyelea wajukuu kwa maharage ya shamba hilo moja. Kila lililoharibika huko juu lilimfikia yeye kwanza.

Ukaja mradi. Waliuleta watu wema wenye fedha za kuweka mtambo mdogo wa umeme wa maji, wa kuendesha mashine ya kusaga na kuchaji betri za taa za zahanati. Kina mama wa kitongoji kile walikuwa wakibeba mahindi kichwani kushuka hadi kwenye mashine ya dizeli na kupanda tena na unga, kwa hiyo habari ile iliwafurahisha sana. Mradi ulimleta mhandisi wake, Baraka, kijana mwerevu wa mjini mwenye viatu vyeupe, ambavyo vilidumu na weupe wao mpaka saa nne asubuhi ya siku ya kwanza. Mimi niliitwa kama mtafiti wa maji.

Baraka alitaka mtambo ukae juu ya ndiva. Nikamwonyesha kwamba ukikaa chini yake, kwenye yale maporomoko, maji yanayoachiwa asubuhi kwa ajili ya mashamba yatapita kwanza mtamboni. Yatasaga, yatachaji betri, kisha yataendelea shambani yakiwa yale yale. Akakubali haraka, na hapo nikampenda, kwa sababu wahandisi wengi hukubali baada ya miezi.

Kwenye mkutano wa kitongoji Mama Naetwe alisimama.

"Daktari, haya maji yakishasaga hayachoki?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana swali lilikuwa la mtu mwenye shamba la mwisho.

"Hayachoki, mama. Yanapungua mwendo tu pale yanapozungusha mtambo, kisha mfereji unayapokea. Hakuna hata kikombe kinachobaki mle ndani."

"Nimekusikia. Na kama hayatafika kwangu?"

"Mtambo huu hautakunyima maji," nikasema mbele ya watu wote. "Ukikunyima, utang'olewa, na mimi nitashika spana."

Mzee Sefania, mwenyekiti wa kamati ya maji, mtu wa maneno machache, akasema, "Tumesikia wote." Nikaketi nikiwa najua nimetia neno langu rehani kwa maharage ya mwanamke yule.

Mtambo ukafungwa. Siku ya kwanza mashine iliposaga, kina mama walipiga vigelegele wakapakana unga usoni, na mimi nikapakwa pia. Baraka, kwa nia njema kabisa, akatengeneza ratiba mpya ya zamu, ili ndiva ifunguliwe kila siku saa ile ile na mashine iwe na uhakika. Aligawa mashamba kwa makundi, makundi yakazunguka moja baada ya jingine, kwa haki, kila mtu sawa. Wiki ya kwanza ilikaa vizuri kabisa. Kamati ikaona inafanana na ile ya zamani, ikapitisha. Mimi nilikuwa Gonja wakati huo, nikipima chanzo kingine.

Makundi yalikuwa pungufu ya siku za wiki, kwa hiyo kila wiki zamu zilisogea. Zikasogea, zikasogea, mpaka wiki moja ya jua kali, maharage yakiwa kwenye maua, kundi la Wasabato likaangukia Jumamosi. Kesho yake likafuata kundi la chini, karibu wote Walutheri, Mama Naetwe akiwa wa mwisho wao. Jumapili.

Nilipopanda Jumatatu nilikuta lori la tangawizi limekwama kwenye tope katikati ya barabara, mahali ambapo hapajawahi kuwa na tope kiangazi. Nilipofika mtamboni nikakuta watu wawili wa chini wana spana, kina mama wa juu wamekaa juu ya bomba la mtambo ili lisifunguliwe, na Baraka yuko katikati, mweupe kwa unga na kwa hofu. Mzee Sefania alikuwa amekwisha pulizisha baragumu. Mkutano ukafanyika pale pale, watu wamesimama.

Watu wa chini walisema mtambo umesaga siku mbili na hakuna shamba lililopata tone. Watu wa juu walisema mtambo haujala kitu, maji yalishuka yote, waliyaona. Kila upande ulikuwa unasema kweli. Ndiyo maana sauti zilikuwa zinapanda.

Nikaomba nafasi. "Jumamosi ilikuwa zamu ya nani?"

Mzee mmoja wa Kisabato akakohoa. "Yetu."

"Mlimwagilia?"

"Daktari, Sabato tumwagilie vipi?"

"Mliyaona maji?"

"Tuliyaona. Tulitoka kanisani yanapita. Mengi tu, mazuri."

Nikawageukia Walutheri wa mashamba ya jirani, waliokuwa na majembe mkononi siku ile na mahindi yaliyonyong'onyea. Mbona hawakuyachukua? Wakaniangalia kama nimewatukana. Maji ya zamu ya watu?

"Na Jumapili?"

Mama Naetwe ndiye aliyejibu. "Jumapili yalikuwa yangu. Nimetoka nyumbani na kitenge changu cha kwaya, nikayakuta yamefurika mferejini yanamwagika barabarani. Nikayavuka, nikaenda kanisani. Mchungaji alihubiri, mimi sijui alihubiri nini. Nilikuwa nayasikia maji."

"Na Wasabato wa jirani?"

"Walikuwa wamesimama na majembe wanayatazama. Walinionea huruma. Lakini yalikuwa yangu."

Naapa sijawahi kuona kitu kama kile katika kazi yangu yote. Siku mbili nzima, katikati ya ukame, maji yalipita mbele ya kitongoji kizima chenye kiu, na hakuna aliyeiba hata ndoo, kwa uaminifu. Zamani ndiva ingebaki imezibwa siku ambayo haina mtu shambani. Lakini ratiba ilisema ifunguliwe saa ile, na msimamizi wa mashine aliifungua, akasaga kwa bidii, akafunga jioni.

Baraka alisogea mbele. "Wazee wangu, mama zangu, naomba radhi. Mimi sikujua siku zina dini."

Kicheko kilianzia kwa kina mama wa kwenye bomba, kikashuka hadi kwa wenye spana. Hata Mzee Sefania alitazama pembeni mabega yakimcheza. Lakini Mama Naetwe hakucheka. Alisema, "Mnacheka, na maharage yangu yanadondosha maua." Kikakatika mara moja. Mimi niliona haya, na uchungu, kwa sababu neno nililotia rehani lilikuwa langu.

Tulikaa pale mpaka jua likageuka. Ning'oe mtambo? Kina mama wa juu wangerudi kubeba mahindi kichwani, na zahanati ingerudi kuzalisha wajawazito kwa tochi ya simu. Niuache? Shamba la mwisho lingekufa. Mwisho tulikubaliana mambo mawili, na nitayasema kwa urahisi kwa sababu ndivyo yalivyo. Mgao urudi kwenye siku za ibada kama zamani. Na mashine isisage mpaka mwenye zamu awe tayari shambani na jembe mkononi. Akiwa tayari, anapuliza baragumu, Mzee Sefania anasikia, anazibua ndiva. Asiyepuliza, ndiva haizibuliwi, hata foleni ya mahindi ifike barabarani. Umeme ungefuata chakula, na siyo chakula kufuata umeme.

Kisha Mzee Sefania akasema, "Kesho ni zamu yangu. Naetwe, kesho puliza wewe." Akaondoka kabla hajashukuriwa. Mama Naetwe aliokoa sehemu tu ya maharage yake mwaka ule, na kila nilipomtembelea alinionyesha debe na mahali ambapo mavuno ya kawaida yangefika.

Baraka na mimi tuliandika makala juu ya jambo hili. Msomaji mmoja wa jarida, asiyejulikana kama desturi yao ilivyo, alitaka tueleze kwa nini hatukuiondoa ibada kwenye hesabu kama kitu kinachovuruga matokeo. Tulimjibu kwa ukurasa mzima wa adabu. Ikachapishwa, ikaanza kunukuliwa, na leo kuna watu wanaopanga zamu za maji kwenye milima nisiyoweza kutamka majina yake wakianza kwa kuuliza wakulima wanasali lini. Nasema kweli, hilo linanipa raha kuliko makofi yoyote.

Lakini nilipoalikwa kuieleza kwenye mkutano mkubwa, mama mmoja mtafiti aliyekaa mbele aliuliza swali la haki kabisa. Makubaliano hayo, alisema, yalifanyika mkiwa pale na mkitazamwa. Mvua zikikosekana kabisa, na ninyi hampo, yatashika? Nilirudi Same na swali lile kama jiwe ndani ya kiatu.

Jibu lilikuja mwaka wangu wa mwisho kazini. Vuli haikunyesha, na masika ilikuja ya kutuaibisha. Nikapanda bila kumwambia mtu. Nilimkuta Mzee Sefania amekaa kwenye ukingo wa ndiva, na ndiva imejaa chini ya nusu. Pale mashineni foleni ilikuwa ndefu, watu na ndoo zao za mahindi, na mke wake mwenyewe alikuwa katikati ya foleni akimtazama kwa jicho ambalo wanaume waliooa wanalijua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Daktari. Umekuja kutukagua?"

"Nimekuja kusalimia."

"Haya. Salimia."

"Leo zamu ya nani?"

"Chini. Wa mwisho."

"Mbona hufungui?"

"Hajapuliza."

Mkewe akapaza sauti kutoka kwenye foleni. "Baba Elia, watoto watakula nini? Fungua kidogo tu tusage, si maji yatashuka tu huko!"

"Yatashuka kwa nani?" akajibu bila kugeuka. "Hajapuliza."

Nikaanza kushuka kando ya mfereji, na sitawaficha, niliogopa nitakachokikuta. Mashamba ya juu yalikuwa yamesinyaa. Ilikuwa rahisi sana kwa mtu wa juu kukata ukingo kwa jembe, pigo moja tu, na katika ukame ule nani angemlaumu? Nilitazama kila tundu nililopita. Yote yalikuwa yamezibwa kwa udongo wa jana, na udongo ulikuwa mzima. Wenye mashamba walinisalimia, wakaniuliza habari za Same, wakaendelea kupalilia mimea iliyolegea. Nilivuka barabara. Ilikuwa kavu, vumbi tupu.

Mama Naetwe alikuwa shambani kwake, amezeeka kidogo, sauti ile ile. Alikuwa akitengeneza matuta ya mwisho kuzunguka maharage, taratibu, bila haraka hata chembe. Nikamwambia huko juu watu wanamngoja.

"Wangoje. Maji yenyewe ya mwaka huu nikiyapokea ovyo yataniponyoka. Namaliza kwanza."

Akamaliza. Akanawa mikono kwa vumbi, akachukua baragumu lililokuwa limeegemea jiwe, akapuliza mara moja. Mlima ukaitikia. Tukangoja. Aliniuliza habari za wanangu, nikamwuliza za wajukuu zake. Yule mkubwa anasomea uuguzi. Nilijibu kwa mdomo, masikio yangu yalikuwa juu. Nilikuwa nawaza mashamba yote yale yaliyosinyaa niliyoyapita, na majembe yote yale.

Kisha mashine ikasikika kwa mbali ikianza kusaga. Nilishuka mferejini nione vizuri, nikainama nikitazama juu kama mtu anayengoja gari la mgeni wake. Muda ukapita. Mwishowe yakatokea kwenye kona, membamba, ya rangi ya chai, yakisukuma majani makavu mbele yake, yamepita kila shamba la kitongoji kile bila kupungua kwa mkono wa mtu. Yakaja, yakagusa vidole vyangu, yakapanda kwenye viatu. Nilifurahi. Nililia hata, nikiwa nimesimama mle ndani na machozi yananitoka, mwanamke mzima, mtafiti wa maji.

"Daktari," akasema Mama Naetwe nyuma yangu, jembe tayari mkononi, "hebu toka hapo. Unanizibia maji."

Nikatoka.